Mitutu Miwili Juu ya Dungu: Uchambuzi wa Bunduki ya Marisau katika Pwani ya Lindi

Katika mashamba ya mihogo, mahindi na mpunga ya Mitwero na ya vijiji vya pwani kuelekea Kilwa, ulinzi wa mazao umejengwa tangu zamani juu ya dungu, yaani jukwaa la miti linaloinuliwa shambani ili mlinzi aone mbali na alale juu ya ardhi wakati mazao yanapokaribia kukomaa. Adui mkuu ni nguruwe pori, mnyama anayekuja usiku, kwa kundi, akifuata mihogo chini ya udongo, na anayeweza kumaliza kazi ya msimu mzima kabla ya alfajiri. Bunduki itakayomfaa mlinzi aliye juu ya dungu inapaswa kulenga vizuri katika mwanga hafifu, kupiga kitu kinachokwenda mbio katika umbali mfupi, kujazwa mahali pembamba pasipo kusimama, na zaidi ya yote kumwachia mlinzi jibu la pili pale jibu la kwanza linapokosea. Kwa kipimo hicho, bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu inastahili kuchambuliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa ni bunduki ya kufyatua mara mbili tu, hali ubora wake hasa uko katika uwezo wa kuchagua.

Silaha iliyotangulia katika pwani hii ilikuwa gobore, yaani bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Iliyo kongwe zaidi ni ya gumegume, ambayo huwaka kwa cheche za jiwe linalogonga chuma, na iliyofuata ni ya fataki, ambayo huwaka kwa kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Hatua za kuijaza zinajulikana: baruti humiminwa mdomoni, kizibo cha kitambaa au cha nyuzi hushindiliwa kwa mdeki, marisau au vipande vya chuma hufuata, kisha kizibo kingine, na mwisho fataki huvikwa kwenye tundu lake. Hata mtu hodari hawezi kuzimaliza hatua hizo gizani kabla kundi la nguruwe halijatokomea, na mvua ya masika ikiingia kwenye baruti kazi yote huharibika. Kubaki kwa gobore kulichangiwa na siasa, kwa maana Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na zile zenye mifuo, yaani michirizi iliyozunguka ndani ya mtutu, katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi ndogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, vilipiganwa kwa mikuki, mishale na magobore dhidi ya jeshi lenye bunduki za rashasha, na pengo hilo la ufundi ni sehemu ya historia ya eneo hili ambayo haifai kupitwa haraka.

Mabadiliko yaliyoizaa bunduki ya mitutu miwili kama inavyojulikana leo yalianza kwa Casimir Lefaucheux wa Paris, ambaye katika miaka ya 1830 alitengeneza bunduki ambayo mitutu yake inainama kwenye bawaba na kufunguka nyuma, ikaruhusu risasi kamili, yaani ganda moja lenye fataki, baruti, kizibo na marisau pamoja, kuwekwa mahali pake kwa mkono mmoja. Hatua ya pili ilikuja mwaka 1875, pale William Anson na John Deeley, wa kiwanda cha Westley Richards mjini Birmingham, walipobuni mtambo uliofichwa ndani ya kisanduku cha chuma nyuma ya mitutu, ambamo uzito wa mitutu yenyewe inapoinamishwa huwa wenzo wa kuzivuta nyundo za ndani na kuzitega. Kwa hiyo tendo moja la kufungua huitayarisha bunduki na huonyesha kama ina risasi au haina. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa katika kijiji, kwa sababu gobore lililoshindiliwa haliwezi kutazamwa ndani na kwa kawaida humalizwa kwa kufyatuliwa, wakati bunduki iliyofunguliwa na kuning'inizwa mkononi haiwezi kumdhuru mtu yeyote, na kila aliye karibu anaona hivyo kwa macho.

Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba, na namba 12, iliyoenea kuliko zote, ina maana kwamba matufe 12 ya madini ya risasi yenye upana sawa na tundu la mtutu huwa na uzito wa ratili moja, jambo linalolipa tundu hilo kipenyo cha takriban milimita 18.5. Risasi ya kawaida yenye gramu 32 inaweza kubeba marisau madogo yapatayo 300, yanayofaa kwa kanga na kwale, au marisau makubwa 9 tu, yenye kipenyo kinachokaribia milimita 8.4, yanayokusudiwa mnyama mzito. Hapo ndipo mbano unapoingia, yaani kule kupunguzwa kidogo kwa upana wa mtutu karibu na mdomo ili marisau yatoke yakiwa yamekusanyika. Katika umbali wa mita 36 hivi, mtutu usio na mbano huingiza takriban asilimia 40 ya marisau yake katika duara la sentimita 76, na mtutu wenye mbano kamili huingiza asilimia 70. Karibu zaidi, kwenye mita 20, tofauti huwa katika upana: wa kwanza hutawanya marisau kwa kiasi cha sentimita 80, wa pili kwa kiasi cha nusu yake. Desturi ya watengenezaji ni kuuacha mtutu wa kulia ukiwa wazi zaidi na kuubana wa kushoto, na kuupa kila mtutu kifyatulio chake, kile kidude kinachovutwa kwa kidole, cha mbele kwa mtutu wa kulia na cha nyuma kwa wa kushoto. Mlinzi aliyeweka risasi mbili tofauti ana bunduki mbili mkononi, na huchagua kwa kuhamisha kidole upana wa sentimita chache, bila kupapasa swichi yoyote. Bunduki ya mtutu mmoja inayojazwa kwa kusukuma hubeba risasi nyingi zaidi, lakini hulazimisha zitoke kwa mpangilio uliokwisha kuwekwa, na chaguo hilo la papo kwa papo halipo. Tena kwa kuwa kila mtutu una mtambo wake kamili, kuvunjika kwa springi moja hakumwachi mtu mikono mitupu.

Kuiunganisha mitutu hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kila mtutu umekaa kando ya mstari wa katikati wa bunduki, hivyo mshindo wa kulia huisukuma silaha kulia na wa kushoto huisukuma kushoto, na kama mitutu ingekuwa sambamba kabisa marisau yangeachana. Fundi huielekeza mitutu ikaribiane kidogo kuelekea mdomoni, kisha huifunga kwa utepe mrefu wa chuma na kuijaribu, ili mkupuo wa kila upande uangukie mahali pamoja. Katika michezo ya kulenga visahani, vile vinavyotengenezwa kwa chokaa na lami, vyenye kipenyo cha milimita 110 na kurushwa na mashine angani, washindani karibu wote wamehamia bunduki ambayo mtutu mmoja umewekwa juu ya mwingine, kwa kuwa jicho linaona mstari mwembamba na mtutu wa chini hurudisha mshindo wake moja kwa moja begani. Sababu hizo ni za kweli uwanjani mchana. Juu ya dungu, upana wa mitutu miwili iliyolala pamoja huonekana kwa urahisi dhidi ya ardhi wakati wa magharibi, na bunduki ya namna hii haihitaji kuinamishwa sana ili kujazwa, faida ambayo mtu aliyekaa kati ya miti ya dungu anaihitaji kuliko alama za mchezo.

Uzito wa hoja hii unatokana na kile kinachomfuata nguruwe. Utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi angalau 308, mikoa ya kusini mashariki ukiwemo Lindi ikiumia zaidi, na kwamba nguruwe pori waliwavuta simba mashambani huku watu waliolala shambani kulinda mazao wakiwa miongoni mwa walioshambuliwa. Wakazi wengi wa pwani ni Waislamu na hawali nyama ya nguruwe, hivyo risasi inayotumika kumpiga hairudishi chochote jikoni, na gharama yake yote humwangukia mkulima au serikali. Umiliki wenyewe unahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ni haki uwe hivyo, ila mzigo wa ulinzi usingepaswa kuachwa kwa mwenye shamba dogo peke yake.

Kuhusu bunduki kuukuu, hatari kubwa haionekani kwa nje. Silaha nyingi za zamani zina chemba, yaani nafasi ya kukalia risasi, yenye urefu wa milimita 65, na risasi ya kisasa ya milimita 70 huingia humo bila kugoma kwa sababu mdomo wa ganda lake umekunjwa. Ikifyatuliwa, mkunjo hufunguka ndani ya sehemu inayosinyaa mbele ya chemba, njia ya marisau hubanwa, na shinikizo hupanda. Mitutu ya chuma kilichosokotwa, inayotambulika kwa mawimbi juu yake, ilikusudiwa baruti nyeusi, na haifai kulishwa baruti isiyo na moshi ila kama muhuri wa majaribio unaruhusu, kama ule wa ofisi ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, ambao hupigwa chini ya mitutu mahali pasipoonekana mpaka mitutu itolewe. Upepo wa chumvi wa Bahari ya Hindi huongeza tatizo lake, kwani kutu huanza chini ya ule utepe unaounganisha mitutu, na fundi mwangalifu huivua mitutu, huining'iniza kwa uzi na kuigonga kidogo kwa kidole: iliyoungana vyema hulia kama kengele, na iliyoachia hutoa mlio mkavu wa chungu chenye ufa.