Goti la Drogba

Côte d'Ivoire ilikuwa imegawanyika kwa vita tangu 2002. Tarehe 8 Oktoba 2005, timu yake ilipofuzu mjini Omdurman, Sudan, kwenda Kombe la Dunia, Didier Drogba alishika kipaza sauti chumbani mwa wachezaji, akawataja watu wa kaskazini, kusini, kati na magharibi. Kisha wote wakapiga magoti wakiomba silaha ziwekwe chini.

Kwa fani, hotuba ile ni fupi, haina pambo. Nguvu yake imo katika goti: mshindi ndiye aombaye. Kwa maudhui, ni ombi, si mapatano. Mwaka 2007 timu ilicheza Bouaké, ngome ya waasi. Baada ya uchaguzi wa 2010 damu ikamwagika tena. Washairi wausifuo mpira kwamba ulimaliza vita wamelisikia ombi, wakalidhani jibu.