Pongezi kwa Wafugaji wa Camembert

Camembert, kijiji cha Normandie, Ufaransa, chenye wakazi wasiofika mia tatu, kiko juu ya bonde la mto Viette. Jibini yake, inayosemekana ilibuniwa na Marie Harel mwaka 1791, huigwa duniani kote. Nawapongeza wanaoshikilia njia ngumu: ng'ombe walishwe malishoni angalau miezi 6 kwa mwaka, maziwa yasichemshwe, na yakishaganda yapakuliwe kwa upawa, tabaka juu ya tabaka, bila pupa. Kisha jibini isubiri siku zisizopungua 21. Kiwanda chenye haraka hakiwezi hayo, wala hakitaki. Mnunuzi, soma lebo: tafuta jina "Camembert de Normandie", linalolindwa kisheria tangu 1983.