Bibi Swantz na Desturi za Mwali

Kitabu cha Bibi Marja-Liisa Swantz juu ya ibada na ishara za Wazaramo, kilichotolewa Uppsala mwaka 1970, kimekuwa mikononi mwa mapadre na walimu wengi. Nami naona kimesifiwa kwa jambo lisilo lake, na lililo lake limepitwa.

Bibi huyu Mfini alikuja nchi hii katika miaka ya 1950 kwa kazi ya misioni, akafundisha walimu wa kike huko Ashira, Kilimanjaro. Baadaye, katika miaka ya 1960, alikaa Bunju, kijiji cha pwani kaskazini ya Dar es Salaam, akaishi na wanawake Waislamu. Hakwenda kuuliza maswali na kurudi mjini jioni. Alikaa, akahudhuria misiba na ngoma, akangoja mpaka wazee wa kike walipoona vema kumweleza. Kwa hiyo anapoandika juu ya mwali aliyewekwa ndani, au juu ya mkole, mti wenye matunda mengi ambao chini yake msichana hufundishwa, msomaji husikia maneno ya makungwi wenyewe. Karl Weule alipita Newala mwaka 1906 kwa miezi michache, akachukua sauti na picha nyingi. Lakini ni nani angemfungulia mgeni wa miezi michache mambo ya unyago?

Ila yatupasa kuonyana. Nimesikia kitabu hiki kikitajwa katika mashauri yetu kama ufunguo wa desturi zote za pwani. Sivyo. Mwali wa Kizaramo hukaa ndani peke yake. Kwa Wamakonde na Wamakua watoto huingizwa kwa makundi, nao walioingia pamoja hubaki na fungu lao maisha yao yote. Anayewahukumu wa Ruvuma kwa ishara za Bunju atakosea, hata kama amesoma kila ukurasa.

Na jambo hili si dogo kwetu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi (1926 hadi 1944) aliweza kulitia jando katika maisha ya Kanisa, kwa kuwa padre aliweza kuingia jandoni. Unyagoni haingii. Basi wanaume wameamua juu ya jambo ambalo hawakuliona, na wazee wa kike wamenyamaza, kwani hawakuulizwa. Hapo ndipo ningependa Bibi Swantz aendelee zaidi: shule ikifupisha siku za mwali ndani, kungwi mzee apoteza nini? Heshima yake haikutoka katika miaka yake tu, bali katika wasichana aliowalea.

Katika miaka ya 1990 alifanya kazi kwetu, Mtwara na Lindi, katika mradi wa RIPS, wakati vijiji vya wavuvi vilipojiunga katika Shirikisho kuupinga uvuvi wa baruti. Juu ya kazi ya kusini iliandikwa sura katika kitabu cha mwaka 2001, nayo ina majina matatu: lake, la Elizabeth Ndedya, na la Mwajuma Saiddy Masaiganah. Mwaka 1970 wanawake wenyeji walikuwa ndani ya kurasa. Mwaka 2001 walikuwa miongoni mwa walioandika.