Ukali Una Bei: Jinsi ya Kumpima Mpelelezi wa Kizamani

Msomaji yeyote wa riwaya za upelelezi anamjua mtu huyu. Umri umeanza kumtupa mkono, koti limechakaa, mke keshaondoka, bosi hamtaki, na kwenye droo ya meza kuna chupa. Haamini kompyuta, haamini wanasiasa, na akimtia mtuhumiwa mkononi hambembelezi. Ameandikwa mara nyingi mno, hata leo mwandishi chipukizi anaweza kumkusanya kwa jioni moja: hasira kidogo, pombe kidogo, talaka moja, basi. Waliobandikwa sifa hizi wamejaa madukani. Waliosukwa wakasukika ni wachache, na kuwatambua ni ujuzi kama ujuzi mwingine wowote.

Mimi nina kipimo kimoja, na vingine vyote vinatoka humo: ukali wa mpelelezi uwe na kazi, na uwe na bei. Usipokuwa na kazi, ni pambo. Usipokuwa na bei, ni njozi za mwandishi anayetamani kumzaba mtu kibao bila kushtakiwa.

Alikotoka kufanye kazi

Anza na historia yake. Mwandishi mvivu huieleza kwa mkupuo: baba mlevi, vita, mwenzake aliyeuawa kazini. Kisha anaifunga na haigusi tena mpaka kitabu kinaisha. Jaribu kuifuta historia hiyo kichwani mwako, halafu jiulize kama kesi ingekwenda tofauti. Kama mwuaji angekamatwa vilevile, kwa hatua zilezile, ujue umesomewa wasifu tu.

Linganisha na alivyofanya Georges Simenon. Kamishna wake, Jules Maigret, ni mtoto wa msimamizi wa mashamba ya kasri moja katika kijiji cha Saint-Fiacre, katikati ya Ufaransa. Alianza kusomea udaktari, akaacha baba yake alipofariki, akaingia polisi Paris. Katika vitabu vingi mambo haya yanapita chinichini tu. Mwaka 1932, katika *L'Affaire Saint-Fiacre*, Simenon anayaleta mezani yote. Polisi wanapokea karatasi inayosema kwamba uhalifu utatendeka kanisani Saint-Fiacre, kwenye misa ya kwanza ya Siku ya Marehemu Wote. Maigret anakwenda. Anakaa kwenye benchi la kanisa la utoto wake, baridi inamwingia, misa inakwisha, na bibi mwenye kasri hainuki. Amekufa kwa mshtuko wa moyo. Hakuna risasi wala kisu. Ndani ya misale yake palikuwa pamechomekwa kipande cha gazeti cha uongo, kinachosema kwamba mwanawe amejiua.

Tazama sasa jinsi historia inavyofanya kazi. Misale hiyo, ambayo ndiyo silaha yenyewe, imetoweka, na aliyeichukua ni mtoto mtumikiaji wa misa. Maigret naye alitumikia misa katika kanisa hilohilo, kwa hiyo anajua kitabu kama kile kina thamani gani machoni pa mtoto maskini, na anajua namna ya kuongea naye. Hapo utoto wake umemsaidia. Lakini utoto huohuo unamlegeza. Bibi yule alikuwa malkia wa ndoto zake za utotoni, na kuona kasri limeoza kwa madeni na aibu kunamkata miguu. Jioni ya kuumbuana inapofika, mtu mwingine ndiye anayeshika usukani mezani, na kamishna mashuhuri anabaki mtazamaji. Mwandishi wa kawaida asingethubutu. Simenon alijua kwamba mahali alikotoka mtu panampa macho na kumpofusha kwa wakati mmoja.

Ian Rankin alifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1987 alipomwanzisha John Rebus wa Edinburgh katika *Knots and Crosses*. Rebus ni askari wa zamani wa jeshi aliyepitia mafunzo ya kikosi maalumu, na kuna sehemu ya mafunzo hayo ambayo akili yake imeifungia mlango. Watoto wanatekwa mjini, na yeye anatumiwa barua zisizo na jina, zenye kamba iliyofungwa fundo na njiti za kiberiti zilizofungwa msalaba. Kesi haifunguki mpaka mlango ule ufunguke. Huko ndiko kusuka: uzi wa historia na uzi wa kesi ukivuta mmoja, wa pili unakuja.

Ukale uwe njia ya kujua

Kipimo cha pili ni ukale wenyewe. Mpelelezi wa kubandikwa huonyesha ukale kwa manung'uniko: hajui kutuma barua pepe, anawachukia vijana wa maabara, anaapa kwamba zamani mambo yalikuwa sawa. Huo ni uzee tu. Ukale wenye thamani ni namna ya kupata ukweli ambayo wengine wameiacha kwa sababu inachosha.

Katika *Pietr-le-Letton* ya mwaka 1931, Maigret yuko ofisini kwake karibu na jiko la kuotea moto, akipokea telegramu kuhusu tapeli wa kimataifa anayekuja Paris kwa treni. Anayo maelezo ya sura ya mtu huyo mpaka umbo la sikio. Zingatia hilo: hadharau sayansi ya polisi ya zama zake. Anakwenda stesheni ya Gare du Nord, anamwona abiria anayelingana na maelezo akipita, na dakika chache baadaye anaitwa kutazama maiti ndani ya treni, nayo inalingana na maelezo yaleyale. Karatasi imefika mwisho wa uwezo wake. Kuanzia hapo anafanya kazi kwa miguu. Anafuata, analowa mvua, anakaa kwenye baa kumtazama mtu akinywa. Imani yake ni kwamba nyuma ya kila mhalifu kuna binadamu, na ukimkalia kwa muda wa kutosha utatokea ufa ambao binadamu huyo ataonekana kupitia humo. Uzito wake, ukimya wake na kiko chake vinatumikia subira hiyo. Ukimnyang'anya subira, huna Maigret.

Harry Bosch wa Los Angeles, aliyeanza mwaka 1992 kwenye *The Black Echo* ya Michael Connelly, ukale wake uko kwenye majalada. Kesi ikikwama, anarudi kwenye faili la mauaji na kulisoma tangu ukurasa wa kwanza, akitafuta kilichomo na kilichopaswa kuwemo. Katika *The Last Coyote* ya 1995 analifungua jalada la mwaka 1961, la mauaji ya mama yake mwenyewe, aliyekuwa kahaba. Mtoto anasoma makaratasi ya askari wenzake na kuona jinsi kesi ya mwanamke wa namna ile ilivyosukumwa kwa kidole kimoja. Mwandishi hahitaji kutueleza kwa nini Bosch hakubali kwamba kuna marehemu wa daraja la chini.

Nani analipa?

Hapa ndipo wengi huanguka. Mpelelezi mkali huvunja taratibu: anaingia bila hati, anamtisha shahidi, anamzaba mtu makonde. Katika kazi duni anayepigwa huwa ndiye mwenye hatia kila mara, na taarifa aliyoitapika huwa ya kweli kila mara. Filamu ya *Dirty Harry* ya mwaka 1971 ilijenga mvuto wake juu ya dhana hiyo. Inspekta anamtesa mwuaji, mwuaji anaachiwa kwa sababu ushahidi ulipatikana kinyume cha sheria, na mtazamaji anabaki akiilaani sheria.

Lakini konde halichagui. Mwaka 1975 mahakama ya Uingereza iliwafunga maisha wanaume sita kwa milipuko ya mabomu katika baa za Birmingham. Walisema tangu mwanzo kwamba walipigwa mpaka wakakiri. Waliachiwa mwaka 1991, baada ya hukumu kubatilishwa. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1984, Bunge lilipitisha sheria ya polisi na ushahidi iliyobana namna ya kumshikilia na kumhoji mtu, na mahojiano yakaanza kurekodiwa kwenye kaseti. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza akisema “askari wa kizamani” anasema juu ya kipindi mahsusi, chenye wahanga wenye majina.

Tamthilia ya *Life on Mars*, iliyoanza BBC mwaka 2006, ililijua hilo. Askari wa kisasa, Sam Tyler, anagongwa na gari na kuzinduka Manchester ya mwaka 1973, chini ya bosi aitwaye Gene Hunt: mtukutu, mcheshi, mwepesi wa mkono. Watazamaji walimpenda Hunt, na tamthilia inajua watampenda. Ndiyo maana Tyler yumo: kila bosi anapofupisha njia, yupo mtu chumbani anayejua njia hiyo inaishia wapi.

Bei ya Bosch katika *The Last Coyote* inauma zaidi. Yuko likizo ya lazima kwa kumtupa luteni wake kwenye kioo cha dirisha. Akiwa hana mamlaka, anatumia jina la luteni huyohuyo ili apate taarifa. Hila inafaulu, kisha watu hatari wanamfuata mwenye jina, naye anauawa. Kitabu hakimpi Bosch kisingizio.

Rankin amefika mbali kuliko wote kwa sababu ameliachia deni muda wa kukua. Rebus anazeeka pamoja na kalenda. Alistaafu akiwa na miaka 60 katika *Exit Music* ya 2007. *A Heart Full of Headstones*, ya mwaka 2022, inafunguka yeye akiwa kizimbani, na katika *Midnight and Blue* ya 2024 yuko gerezani, miongoni mwa aina ya watu aliozoea kuwapeleka huko.

Chumba cha mahojiano

Ukitaka kumpima haraka, nenda moja kwa moja kwenye mahojiano. Wa kubandikwa hupiga meza na kutoa hotuba. Aliyesukwa huuliza maswali mafupi, mengine ya kipuuzi, na huacha kimya kifanye kazi yake. Pale makao ya polisi ya Quai des Orfèvres, Maigret huagiza bia na sandwichi kutoka Brasserie Dauphine, na trei ikipita koridoni kila anayesubiri anaelewa kwamba usiku utakuwa mrefu. Hakuna aliyetishwa, ila presha imepanda.

Aliye karibu naye

Mtazame pia msaidizi. Kama kazi yake ni kushangaa tu, mwandishi anamlinda kipenzi chake. Reginald Hill, alipomwanzisha Andy Dalziel wa Yorkshire mwaka 1970 kwenye *A Clubbable Woman*, alimpa msaidizi aliyetoka chuo kikuu, Peter Pascoe. Dalziel ni mnene, mchafu wa mdomo, na huwaacha watu wamdhanie mjinga mpaka washajikaanga. Pascoe anajifunza kwake na bado ana haki ya kumkatalia, na mkewe Pascoe, Ellie, humkatalia waziwazi. Mpelelezi mkali asiyepingwa na mtu tunayemheshimu hajapimwa bado.

Na kwetu?

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na mtu wa namna nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetoka kitabuni mwaka 1960 katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, ni raia mwenye kiko na mantiki, siyo askari. Faraji Katalambulla alituletea Inspekta Wingo katika *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Atakayeandika leo askari mkongwe wa hapa, mwenye mkono mwepesi, ana mtihani ambao mwandishi wa Stockholm hana. Msomaji wake amewahi kukaa benchi la kituo akiambiwa jalada halionekani, aje kesho, au ana mpwa aliyetoka mahabusu akichechemea. Msomaji huyo hatacheka kibao kwa urahisi. Mwandishi akiukwepa mtihani huo, kitabu kitanuka uongo kuanzia sura ya kwanza. Akiukabili, anaweza kupata mhusika ambaye Ulaya haina.

Dalili za kukimbia

Pombe inayonywewa kila ukurasa na haijaharibu hata asubuhi moja. Mwanamke aliyeuawa ili mpelelezi apate huzuni. Bosi mpumbavu kwa asilimia mia. Hisia ya tumboni isiyokosea kamwe. Makonde yasiyoacha maumivu hata kwenye vidole vya mpigaji. Moja inasameheka, zikifika tatu, fedha yako itafaa kwingine.

Anayetaka kuzoeza jicho aanze na *L'Affaire Saint-Fiacre*, ni fupi na inasomeka kwa siku moja. Afuatishe *The Last Coyote*, kisha Rebus wa 1987 na Rebus wa 2022 mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza hivyo vinne, chukua mpelelezi yeyote mpya anayesifiwa, msome mpaka pale anapovunja utaratibu kwa mara ya kwanza, na uhesabu kurasa mpaka mtu aanze kulipia. Usipomwona mlipaji, yeye au mwingine, umepata jibu lako.