"Nyanya Amesema": Televisheni ya Kikristo kwa Watoto Wadogo na Lugha za Taita

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili umezoea kushughulikia kitabu, na mara chache ngano inayosimuliwa. Televisheni, ambayo humfikia mtoto kabla hajajua kusoma, imeachiwa wataalamu wa mawasiliano, kana kwamba lugha yake haimhusu mwanaisimu wala mhakiki. Makala haya yanakusudia kulitazama tawi moja la chombo hicho, yaani vipindi vya Kikristo kwa watoto ambao bado hawajaanza shule ya msingi, na mahali pa kulitazamia ni mji wa Voi na vilima vya Taita. Hoja yenyewe ni kwamba vipindi hivyo vina maneno mengi mema lakini havina msimulizi. Na mtoto mdogo humwamini msimulizi kabla ya kuyaelewa maneno.

Njia mbili za neno

Ukristo haukuingia Taita kwa njia ya mkato. Rebmann alipita huko mwaka 1847, lakini mmisionari wa kwanza kukaa, J. A. Wray wa CMS, alifika Sagalla mwaka 1883. Kabla hajaweza kufundisha neno lolote ilimbidi kwanza awe mwanafunzi. Mwaka 1894 kitabu chake kidogo cha utangulizi wa lugha ya Kitaita kilichapishwa London. Mapadri wa Kikatoliki nao walifungua misheni yao Bura mwaka 1892. Wamisionari hao wana mengi ya kujibu kuhusu mila walizozidharau. Hata hivyo, hali yenyewe iliwalazimisha kusikiliza: neno walilolileta lilipita kwanza masikioni mwa wenyeji, likachekwa, likasahihishwa, ndipo likasemwa tena.

Njia ya pili haina kituo cha namna hiyo. Mwaka 2005 shirika la televisheni la TBN la Marekani lilianzisha Smile of a Child, chaneli nzima ya watoto wa Kikristo. Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, king'amuzi na dishi vikawa vyombo vya kawaida vya nyumbani, na kwa mwenye kulipia, vipindi vya ng'ambo vikawa karibu kuliko jirani. Setilaiti haiketi chini ikajifunza. Haijui kwamba Kisagalla kinachosemwa juu ya kilima kinachotazama Voi si Kidawida cha Wundanyi na Mbale, wala kwamba ukishuka magharibi unakutana na Kitaveta, lugha nyingine kabisa. Haijui pia kwamba Voi yenyewe, mji uliokuzwa na reli tangu mwisho wa karne ya 19, watoto wa makabila mbalimbali hucheza pamoja kwa Kiswahili.

Mboga zinaposema

Mfano ulio maarufu kuliko yote wa aina hii ni VeggieTales, ulioanzishwa Marekani mwaka 1993 na Phil Vischer na Mike Nawrocki. Wahusika wake wakuu ni Bob, ambaye ni nyanya, na Larry, ambaye ni tango. Kwa upande wa fani, kazi hii inastahili sifa. Hadithi zake ni fupi, mzaha wake haumdharau mtoto, na wahusika hawana mikono wala miguu kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikumudu kuvichora viungo hivyo kwa urahisi. Watunzi walikigeuza kikwazo cha ufundi kuwa mtindo, nayo ni dalili ya ubunifu.

Tatizo linaanza pale mzazi au mwalimu wa shule ya Jumapili mjini Voi anapomweleza mtoto kwa Kiswahili yaliyosemwa kwa Kiingereza. Katika ngano zetu wanyama husema, nao hawasumbui sarufi, kwa kuwa sungura na fisi huchukua upatanisho wa viumbe hai hata wakiwa mwituni. Mboga haina haki hiyo. Je, tango "limesema" au "amesema"? Akitumia "limesema", msimulizi ameliacha tango sokoni. Mtoto hawezi kumpenda wala kumwonea huruma. Akitumia "amesema", amelipa utu, na hapo ametunga upya wala hakutafsiri tu.

Kwa mhusika wa pili jambo ni zito zaidi. Nchini Kenya nyanya ni tunda la kupikia mchuzi, na pia ni mama wa mzazi. Sarufi ndiyo inayowatenganisha: nyanya ya mchuzi "imesema", nyanya wa nyumbani "amesema". Basi mzazi anapompa Bob utu na kutamka "Nyanya amesema tusameheane", mtoto wa Kenya anamsikia bibi yake. Mtu anaweza kucheka, lakini utani huu wa lugha umefichua ukweli. Kiti anachokalia mhusika huyu wa kioo ni kile kile alichokalia bibi jioni, na lugha imelitambua jambo hilo kabla ya wahakiki.

Kuhusu maudhui, shahidi bora ni Vischer mwenyewe. Baada ya kampuni yake, Big Idea, kufilisika mwaka 2003, alikuja kukiri hadharani kwamba kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto kutenda kama Wakristo pasipo kuwafundisha Ukristo wenyewe. Ngano za bibi nazo zilikuwa na funzo mwishoni. Lakini funzo la bibi lilikuwa na mwenyewe: mtoto alimjua, alimwona akilitenda au akilivunja, na aliweza kumuuliza kwa nini.

Kimya cha kusubiri jibu

Msimulizi wa Kiswahili haanzi kabla ya kujibiwa. Husema "Paukwa!", naye husubiri "Pakawa!", bila jibu hakuna hadithi. Vipindi vya watoto wadogo vimejaribu kuiga ushirikiano huo. Tangu Blue's Clues ya Marekani mwaka 1996, mtindo wa mhusika kuuliza swali, akanyamaza, kisha akasifu jibu ambalo hakulisikia, umeenea sana. Kimya hicho ni cha kuigiza, lakini si bure, maana humzoeza mtoto kusema.

Swali ni lugha ya jibu. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, limetengeneza Akili and Me, ambamo mtoto wa miaka minne anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, mlima ule ule unaoonekana Taveta. Kipindi hicho hakihubiri dini. Lakini kimethibitisha kwamba mtoto wa Afrika Mashariki anaweza kuulizwa kwa Kiswahili kilichotungwa kwa ajili yake, chenye mdundo wa michezo yake, kisicho na haja ya kufukuzana na midomo iliyochorwa kwa ajili ya Kiingereza.

Wanaotaka kuwafundisha watoto wa Taita imani kwa televisheni wana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, Kiswahili cha Biblia ya 1952, pamoja na uzito wake, hakiwezi kupewa mtoto wa miaka minne kikiwa na "akanena" na "enenda" zake bila msimulizi wa kukilainisha. Pili, Kiswahili nacho kisichukue nafasi ya Kidawida na Kisagalla kama Kiingereza kilivyotaka kuichukua nafasi yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji. Na vituo vya redio vya Voi vimekwisha kuonyesha kwamba sauti ya karibu hupata wasikilizaji.

Kazi iliyobaki si ya mafundi wa mitambo. Ni ya watunzi, walimu wa lugha na makanisa yenyewe, na inaanza pale Wray alipolazimika kuanzia: kuketi chini na kusikiliza. Wakati huo huo, mtoto wa Sagalla aliyeulizwa na kioo anajibu kwa lugha ya nyumbani kwake. Kioo kinamsifu, kisha kinaendelea. Bibi aliyeketi nyuma yake ndiye pekee aliyelisikia jibu.