Seva ya Wati Moja na Nusu
Ubao wa Raspberry Pi Zero 2 W una urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Hutoka kiwandani bila pini, ukiwa na matundu 40 tu pembeni, na fundi anayeuandaa uwe seva ya shule isiyo na intaneti anahitaji matatu: la 6, la 8 na la 10. Anapachika pini, anagusisha ncha ya kifaa cha kulehemu kwenye pini na kwenye shaba ya ubao kwa pamoja, anangoja vyote viwili vipate moto, ndipo analeta waya wa lehemu. Lehemu inayeyuka na kuizunguka pini yenyewe, inang'aa. Mwenye haraka huiyeyusha kwenye ncha kisha akaipaka. Kiungo cha namna hiyo huonekana kizima, halafu huachia miezi ikipita.

Inafuata kadi ya kumbukumbu. Ameshapakua Raspberry Pi OS Lite, mfumo uliojengwa juu ya Debian, usio na madirisha wala picha, maandishi matupu. Kabla ya kuuandika anaupima kwa amri ya sha256sum, inayotoa herufi na tarakimu 64, naye anazilinganisha na zile walizotangaza watengenezaji. Hatazami mwanzo na mwisho tu. Anazisoma zote. Jina la diski pia analisoma mara mbili, kwa kuwa amri ya dd haiulizi swali: ukiielekeza pasipo, inafuta.

Ubao hauna skrini. Waya tatu, wa ardhi, wa kutuma na wa kupokea, zinatoka kwenye zile pini kwenda kwenye kompyuta yake ya mkononi, kupitia adapta ya volti 3.3, kwa kuwa ya volti 5 ingeuunguza ubao. Anawasha, na maneno ya kerneli, kiini cha mfumo, yanaanza kuteremka. Wengi wetu tungengoja yaishe. Yeye anayafuata, na mstari mmoja unaolalamikia kifaa unamsimamisha. Anafungua msimbo wenyewe wa sehemu hiyo ya Linux na kuusoma mpaka aridhike kwamba lalamiko halina madhara. Linus Torvalds alianza kuiandika kerneli hiyo akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL. Haki ya kuusoma msimbo, anayoitumia fundi huyu mezani pake, ni ileile waliyo nayo wahandisi wa kampuni kubwa, naye anaitumia kweli.

Sasa anapunguza. Amri ya systemd-analyze blame inampangia huduma zote kwa muda zinaochukua wakati wa kuwaka. Bluetooth inaondoka. Kumbukumbu za mfumo zinahamishiwa kwenye RAM ili kadi isiandikwe ovyo. Kila anapoondoa kitu kimoja anawasha upya na kutazama, kisha ndipo anagusa kingine. Ukiondoa vitano kwa mkupuo na mashine ikagoma, hutajua cha kulaumu.

Anaweka Kiwix, programu huria inayosoma Wikipedia bila mtandao, pamoja na faili ya Wikipedia ya Kiswahili. Simu inajiunga na waifai ya ubao na ukurasa unafunguka. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Kwake bado. Anaufunga mfumo ili kadi isomwe tu, na lolote linaloandikwa liishie kwenye RAM. Halafu anachomoa umeme huku kurasa zikifunguliwa. Anarudisha, anangoja, anakagua. Anachomoa tena katikati ya kuwaka, kisha sekunde chache baadaye kuliko mwanzo, akiutafuta wakati mbaya kuliko wote. Shuleni umeme hautaaga.

Mita inaonyesha wastani wa wati moja na nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84; ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 42, yaani saa 28 bila jua. Anaandika hesabu hiyo daftarini, chini ya amri zote alizotumia kwa mpangilio wake, kisha ananakili kadi ya pili na kuibandika kwa utepe ndani ya kifuniko cha kasha. "Mwalimu, ikigoma, anza na kadi hii," anasema. "Waya usiziguse kwanza."