Irabu Tano na Irabu Saba: Juu ya Kulinganisha Lugha kwa Herufi

Katika vitabu vingi vilivyotungwa ili kuwafunza wageni Kiswahili, mwanafunzi huambiwa kwamba irabu zetu tano hutamkwa kama zile za Kiitaliano. Shauri hilo lamfaa msafiri, lakini mchunguzi wa lugha hana budi kulipima kwanza. Kiitaliano sanifu huandika irabu zake kwa herufi tano, ila katika silabi yenye mkazo husikika irabu saba. Neno pesca likitamkwa kwa e ya kufumba maana yake ni uvuvi; likitamkwa kwa e iliyo wazi ni tunda la pichi. Basi kilicholinganishwa ni herufi, wala si sauti.

Kosa hilo huzidi madhara liingiapo katika lugha zilizo ndugu wa Kiswahili. Kisukuma kina irabu saba, na Kikuyu kadhalika. Irabu za Kikuyu, ambazo L. E. Armstrong alizieleza kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1940, huandikwa i, ĩ, e, a, o, u, ũ. Msomaji aliyezoea Kiswahili huelekea kudhani kwamba alama ile ya juu ni pambo, au kwamba irabu mbili zimeongezwa juu ya tano za asili. Dhana zote mbili hazisimami. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kuu iliyochapishwa kati ya 1967 na 1971, aliiwekea lugha ya asili ya Kibantu irabu saba. Kikuyu kimezihifadhi, Kiswahili ndicho kilichounganisha mbili za juu mbele na mbili za juu nyuma.

Ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tuseme mvua na mbuzi: katika maneno yote mawili twasikia u ile ile. Kwa nini basi moja lina mv na jingine mb? Kikuyu chatujibu: mvua ni mbura, na mbuzi ni mbũri. Ile u ya kwanza, iliyokuwa ya juu kabisa, iliigeuza b kuwa v. Ya pili haikuwa na nguvu hiyo. Vivyo hivyo kuku ni ngũkũ, na k imesalia. Lakini -fa ni -kua, na k imekuwa f. Irabu zimeungana, ila konsonanti zimebaki na kumbukumbu ya tofauti yao. Atakayehesabu irabu tano na kukomea hapo hataweza kamwe kueleza konsonanti hizo.

Hapa yafaa kutenga vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kwa sikio, ĩ ya Kikuyu yakaribia e ya Kiswahili kuliko i. Kwa asili, yalingana na i: mti ni mũtĩ. Vipimo vyote viwili ni halali, lakini havitoi jibu moja. Mwandishi asemaye kwamba irabu fulani “ni sawa” na nyingine, asitaje kwa kipimo gani, hajasema neno la kutegemewa.

Hatusemi kwamba Kiswahili kiongezewe herufi. Tano zakitosha, kwa kuwa sauti zake ni tano. Tunachokataa ni kuzifanya tano hizo kuwa kanuni ya kuandikia lugha jirani. Orodha ya maneno ya Kikuyu iliyopigwa chapa bila alama huonyesha mbura na mburi kana kwamba silabi zao za kwanza ni moja, na hapo ufunguo wa mv na mb umekwisha kutupwa. Zamani wachapaji waliweza kutoa udhuru wa kukosa herufi za chapa. Leo udhuru huo umekwisha, na watungaji wa kamusi na orodha za ulinganishi yawapasa kuandika irabu za kila lugha kwa hesabu ya lugha hiyo yenyewe.